Kabla ya Kulipia Msafara wa Pikipiki wa Ladakh, Uliza Kila Usiku Utalala Mwinuko Gani

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Arusha aliniandikia: "Dada, nimepata kampuni inayotoka Manali hadi Leh kwa siku mbili, bei yake ni karibu nusu ya nyingine zote, na pikipiki wanazotoa ni Royal Enfield Himalayan mpya. Nilipe?" Nilimjibu asilipe kwanza, kisha nikakaa na ujumbe wake jioni nzima, kwa sababu najua hayuko peke yake. Wapo wengi Afrika Mashariki wanaoendesha pikipiki kwa mapenzi, ambao wameziona picha za barabara zile na wanaweka akiba kidogo kidogo wakiota siku watakapovuka milima ya Himalaya. Nami niliota hivyo, nikaenda, nikaumizwa, nikarudi tena hadi nikapita juu kabisa. Kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu.

Barabara ya Manali hadi Leh, mji mkuu wa Ladakh, iko kaskazini mwa India. Kwa kawaida hufunguliwa Mei au Juni, baada ya wahandisi wa Border Roads Organisation, shirika la India la barabara za mipakani, kuondoa theluji, na hufungwa tena baridi inaporudi. Manali iko kwenye mwinuko wa takriban mita 2,050 na Leh takriban mita 3,500, hivyo anayetazama miji hiyo miwili kwenye ramani huona tofauti ndogo tu. Tatizo ni mapito ya milimani yaliyoko katikati (huko "La" maana yake ni pito): Baralacha La yenye mita zipatazo 4,890, Lachulung La yenye 5,065, na Tanglang La yenye 5,328. Kilele cha Mawenzi kina mita 5,149. Maana yake ni kwamba Tanglang La iko juu kuliko Mawenzi, nawe unapita pale ukiwa umeshika klachi, ukikwepa lori la jeshi linaloteremka na kutafuta mahali pa kukanyaga kwenye kokoto.

Tena mapito yenyewe si hatari kubwa kama mahali pa kulala. Ukivuka pito la mita 5,000 kisha ukashuka, mwili huvumilia, lakini ukilala juu kabla haujazoea, ndipo ugonjwa wa mwinuko unapokushika. Kampuni za bei nafuu hupenda kulaza wateja Sarchu, uwanda wa mahema ulioko kwenye mita zipatazo 4,290, kwa sababu ni takriban nusu ya njia. Sisi tuliokulia karibu na Kilimanjaro tunao mfano ulio wazi wa jambo hili. Kibanda cha Horombo kiko mita 3,720 na cha Kibo mita 4,720. Hakuna mwongozaji yeyote wa Marangu, mwenye leseni na akili timamu, atakayekutoa getini asubuhi, chini ya mita 2,000, akakulaza juu ya Horombo usiku huohuo. Safari ya siku mbili anayouziwa kijana wa Arusha inafanya hivyo hasa.

Ndivyo walivyotufanyia katika msafara wangu wa kwanza. Kampuni siitaji. Tuliondoka Manali tumechelewa, tukapita chini ya pito la Rohtang kwa njia ya handaki la Atal, lile la kilomita 9 lililofunguliwa mwaka 2020, tukajaza mafuta Tandi, ambapo kibao mashuhuri humwonya msafiri kwamba kituo kinachofuata kiko mbele kilomita 365. Handaki lile ni neema, lakini limeongeza tatizo moja: zamani Rohtang ilikuchosha kiasi kwamba ulilazimika kulala Keylong au Jispa, chini kidogo ya mita 3,300, na mwili ukapata usiku wa kujizoeza. Siku hizi unafika Jispa saa sita mchana ukiwa na nguvu zako, na kiongozi asiyejali anakwambia twende mbele.

Tulipofika Jispa niliomba tulale pale. Nilieleza kwa adabu kwamba nimekulia Moshi, kwamba nimeona watu wenye vifua vya wanariadha wakishushwa kwa machela kutoka Kibo, na kwamba mlima hauna habari na ujuzi wa mtu barabarani. Kiongozi alijibu kwamba mahema ya Sarchu yameshalipiwa. Vijana wawili waliokuwa wakishindana tangu Manali wakacheka, na mmoja akasema kuwa mwanamke akichoka kuna nafasi ndani ya gari la msaada. Sikuwa nimechoka. Nimeendesha pikipiki tangu usichana wangu, kwenye matope ya mpunga wa Kahe na vumbi la Simanjiro, na siku ile hakuna aliyenisubiri hata kwenye kona moja.

Nyuma yangu alikuwa akiendesha mzee mmoja wa Kihindi, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Uingereza, ambaye Kiswahili chake cha Mji wa Kale kilinifanya nijihisi nyumbani kati ya milima ile. Usiku, baridi ikiwa kali na kila mtu akilalamikia kichwa, nilimkuta nje ya hema lake akiwa amevaa kofia ngumu gizani. Alikuwa akijaribu kuingiza mkono wa kushoto ndani ya glavu ya kulia. Alisukuma kidole gumba mahali pa kidole kidogo, akavua, akaanza tena, glavu ileile na mkono uleule. "Mwanangu," akaniambia kwa upole, "hizi glavu zimekuwa ndogo." Nilipomwomba anyooke na atembee hatua chache mbele ya taa yangu, aliyumba.

Mtu anayeyumba na kuchanganyikiwa akiwa mwinuko mkubwa anaweza kuwa ubongo wake umeanza kuvimba, na anayekohoa na kuhema hata akiwa amekaa anaweza kuwa mapafu yake yanajaa maji. Hali zote mbili huua, na tiba ya kwanza ya zote mbili ni kushuka, bila kungoja kupambazuke. Sasa litazame lile eneo la Sarchu. Ukitaka kurudi upande wa Manali, lazima kwanza upande Baralacha La. Ukitaka kwenda Leh, lazima upande Lachulung La na Tanglang La. Huwezi kushuka kutoka Sarchu bila kwanza kupanda juu zaidi ukiwa na mgonjwa. Jambo hili halimo katika tangazo lolote la msafara nililowahi kulisoma, na kwangu mimi linatosha kuamua nani apewe fedha zangu na nani anyimwe.

Tulimpandisha mzee kwenye gari akiwa na mtungi wa oksijeni, tukavuka Baralacha usiku uleule, tukateremka hadi hospitali ya Keylong. Nilikwenda naye kwa sababu kiongozi aliuliza nani atamsindikiza na hakuna mwingine aliyeinua mkono. Mzee alipona. Pikipiki yangu ikaendeshwa hadi Leh na msaidizi wa fundi, nami nikaandikiwa kwamba nimejitoa kwa hiari yangu, kwa hiyo sirudishiwi chochote. Baadaye nikasikia kwamba wenzangu waliambiwa nimerudi kwa kuwa niliogopa. Miaka imepita na fedha zile nimeshazisamehe. Neno lile, la kwamba niliogopa, bado halijatoka moyoni, na siwezi kusema limetoka.

Nilirudi Ladakh kwa mlango mwingine, na mlango huo ndio ninaoupendekeza. Msafara wa pili ulianzia Srinagar, mji wa Kashmir, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi. Njia hiyo huvuka Zoji La yenye mita zipatazo 3,500, kwa matope na malori mengi, ni kweli, kisha hukushusha kulala Kargil, chini ya mita 2,700. Siku inayofuata unapita Fotu La yenye mita 4,108, ambayo ndiyo ya juu kabisa kwa upande ule, na unaingia Leh mwili ukiwa umeshapanda na kushuka bila kulazwa juu hata usiku mmoja. Kanuni ni ileile ya Kilimanjaro: panda juu mchana, lala chini usiku. Najua kwamba tangu shambulio dhidi ya watalii huko Pahalgam, Kashmir, la Aprili 2025 baadhi ya kampuni zinaikwepa Kashmir, na nchi kadhaa zinawashauri raia wao wasiende huko; yasome maonyo hayo kwa uzito. Kama ni lazima uanzie Manali, basi dai usiku mmoja au miwili Keylong au Jispa, na ukienda kwa ndege moja kwa moja hadi Leh, pumzika siku mbili kamili kabla ya kugusa pikipiki. Kwa vyovyote vile swali ni lilelile: usiku wa kwanza nitalala mita ngapi, usiku wa pili mita ngapi, na wa tatu je?

Kiongozi wa msafara ule wa pili alikuwa mtu wa maneno machache, na kila asubuhi alitueleza mpangilio uleule mpaka tukaukariri. Yeye mbele, na hakuna wa kumpita. Kwenye kila njia panda, anayemfuata husimama kama alama hadi wa mwisho apite. Nyuma kabisa yuko mwendeshaji mzoefu, na nyuma yake gari lenye fundi, tyubu, nyaya za klachi na oksijeni. Mpangilio wa namna hiyo humwondolea mtu polepole hofu ya kuachwa, na mtu asiyeogopa kuachwa haingii kona kwa pupa. Nilikuwa wa mwisho siku nyingi, na hakuna aliyenicheka.

Yeye ndiye aliyenifundisha vijito vya theluji. Jua la mchana huyeyusha barafu huko juu, kwa hiyo kijito kinachofika kwenye kifundo cha mguu asubuhi huweza kufika magotini alasiri. Karibu na Zing Zing Bar, kituo kilicho chini ya Baralacha La, wakati wa kurudi kwa njia ya Manali, alitufikisha mapema, maji yakiwa bado membamba na kingo zikiwa na kioo cha barafu. Unaingia kwa gia ya kwanza, unavuta mafuta kwa usawa bila kuachia, macho yako kwenye ukingo wa ng'ambo na si kwenye mawe yaliyo chini yako. Injini nayo itakushangaza. Ukikaribia mita 5,300 hewa ina karibu nusu ya oksijeni iliyoko pwani, hivyo pikipiki iliyokuwa na nguvu Srinagar hupanda kwa kujivuta. Haijaharibika. Shusha gia na uiache ipande kwa mwendo wake, nawe upande kwa wako.

Ndivyo nilivyofika Khardung La, pito lililo kati ya Leh na bonde la Nubra. Kibao cha pale kwa miaka mingi kiliandikwa mita 5,602, ilhali vipimo vya setilaiti vinasema 5,359. Mimi nauandika 5,359, kwa sababu urefu wa kweli unanitosha kujivunia. Nilisimama chini ya bendera za sala nikiwa na kichwa chepesi na pumzi fupi, nikapigwa picha, na baada ya muda mfupi kiongozi akatushusha kwenda kulala bonde la Nubra. Hatukuruhusiwa kubaki juu tukijisifu, na alifanya vyema.

Mambo mengine ni mepesi, lakini yaulize. Leseni ya kimataifa iwe na daraja la pikipiki. Bima nyingi za safari hazigusi pikipiki yenye injini kubwa, na nyingine zina kikomo cha mwinuko, kwa hiyo soma masharti yenyewe, usitegemee maneno ya wakala. Nubra na ziwa Pangong zinahitaji kibali maalumu kwa mgeni, nacho hutolewa kwa njia ya mawakala waliosajiliwa. Hakikisha kimo ndani ya bei. Wakodishaji wa Leh hawakubali pikipiki zilizokodiwa nje ya Ladakh zizunguke huko, kwa hiyo uliza kama gharama ya kubadilisha pikipiki ni yako au ya kampuni. Kuhusu Diamox, dawa ya kusaidia kuzuia ugonjwa wa mwinuko, zungumza na daktari wako, na usiichukue kama ruhusa ya kupanda haraka. Kuhusu majira, mimi naipenda Septemba, vijito vikiwa vimepungua, ingawa usiku wa Sarchu hugandisha maji kwenye chupa. Halafu uliza tena utalala wapi.

Ndugu zangu, tuache kupima msafara kwa idadi ya mapito na wepesi wa bei. Tumelelewa chini ya mlima ambao kila mpagazi wake humwambia mgeni "pole pole", halafu tunavuka bahari na kuwalipa watu watukimbize. Mwenye kujua anapaswa kusema, hata akichekwa. Anayesikia mwenzake akilalamikia kichwa anapaswa kusimama, hata kama kundi linasonga. Kiongozi asiyeweza kubadili ratiba kwa ajili ya mgonjwa mmoja hastahili kuongoza hata watu wawili.

Kwa hiyo, kabla ya malipo ya awali, iandikie kampuni barua pepe na udai mambo mawili kwa maandishi. La kwanza ni orodha ya kila usiku na mwinuko wake kwa mita. La pili ni kipengele kinachosema kwamba anayeshuka kwa ajili ya ugonjwa, au kwa kumsindikiza mgonjwa, hahesabiwi kuwa amejitoa, na kwamba siku zake zilizobaki zitarudishwa kwa fedha au kwa nafasi katika msafara unaofuata. Kampuni yangu ya pili iliyajibu yote mawili siku iliyofuata. Ile ya kwanza sikuwahi kuiuliza, na hakuna mahali popote ilipokuwa imeyaandika.