Umri wa jani na utitiri wa mipapai
Ndugu, umeuliza kwa nini majani machanga ya mpapai wako yamejikunja ilhali ya chini yamepauka. Yawezekana kabisa una utitiri, yaani vijidudu vidogo sana wa jamii ya buibui, wa aina mbili, kwa kuwa kila aina hupendelea majani ya umri tofauti. Utitiri mwekundu hukaa upande wa chini wa majani yaliyokomaa, kando ya mishipa, ambako hufuma utando mwembamba na kuacha vidoadoa vya njano vinavyoonekana kwa juu. Ule mweupe, mdogo mno kuonekana bila lenzi, huhitaji jani laini, hivyo hushambulia kichipukizi, na majani yake hutoka membamba na yaliyopinda kama kucha, hata wakulima wengi wakadhani ni virusi na kung'oa mti bure. Tafadhali, kagua kilele kwa lenzi kabla hujaung'oa.