Kangaga linataka kivuli, si giza

Kwenye vitalu vya maua vya kando ya barabara hapa Dar es Salaam, makangaga (fern kwa Kiingereza) hukaa chini ya neti nyeusi au mwembe, na huko hustawi vizuri. Muuzaji humwambia mteja, "Lisipigwe na jua." Basi mteja anakwenda kuliweka kwenye korido isiyo na dirisha. Baada ya wiki chache majani yamekuwa manjano na yanapukutika sakafuni, na yeye anazidisha maji.

Tatizo ni mwanga. Chini ya miti ya msitu kuna mwanga mwingi kuliko pembe za sebule zetu, ila macho huzoea haraka. Mimi napima kwa mkono. Saa sita mchana natandika karatasi nyeupe mahali chungu kitakapokaa, kisha nanyoosha kiganja juu yake. Kivuli kikiwa na kingo hafifu, panafaa. Vidole vikichoreka kimoja kimoja, jua ni kali mno. Kivuli kisipoonekana, usijisumbue kuliweka hapo.

Halafu jua letu linahama. Kwa Dar, mwezi Juni jua la mchana liko upande wa kaskazini, na Desemba liko kusini. Kwa hiyo kangaga lililotulia kwenye baraza ya kusini tangu Mei linaweza kuanza kupata mabaka ya kahawia ikikaribia Krismasi, na mwenyewe akadhani ni ugonjwa. Sogeza chungu tu. Jua la asubuhi, mpaka saa tatu hivi, halina neno. La saa tisa alasiri kwenye ukuta wa magharibi linababua.

Kuhusu unyevu wa hewa, sisi wa pwani tumependelewa. Kangaga la Boston (Nephrolepis exaltata) huvumilia hata unyevu wa asilimia 50. Adiantum, lile lenye vikonyo vyeusi vyembamba, hutaka zaidi ya 60, na halina msamaha. Chumba chenye kiyoyozi humaliza yote mawili, na vivyo hivyo kiangazi cha Dodoma.

Kupulizia maji kwa chupa kunapendwa sana, lakini matone hukauka baada ya muda mfupi na hewa inarudi kuwa ileile. Mimi naona heri kuvisogeza vyungu vikaribiane, na kumwagia maji sakafu ya baraza mchana wa joto. Dada yangu aliyeko Dodoma ametumbukiza chungu cha Adiantum ndani ya chungu kikubwa zaidi, na nafasi ya katikati ameijaza makumbi ya nazi, ambayo huyaloweka kila asubuhi. Anakiweka bafuni, karibu na dirisha. Likikauka na kujikunja lote, hulikata usawa wa udongo na kuendelea kumwagilia. Mizizi ikiwa hai, vichipukizi hutoka vimejiviringa.

Ncha za kahawia hazimaanishi hewa kavu kila mara. Visima vingi vya Dar vina maji ya chumvi, na chumvi hujikusanya kwenye udongo. Ukiona ukoko mweupe ukingoni mwa chungu, mwagilia maji mengi yasiyo na chumvi mpaka yatoke chini, na masika kinga maji ya mvua.

Kati ya yale yenye majani kama pembe, Platycerium, wamo wenyeji wetu. Aina iitwayo Platycerium alcicorne huota juu ya miti kwenye misitu ya pwani (tafadhali usiyabandue huko, nunua ya kitaluni). Yafunge kwenye ubao, yapate mwanga mwingi uliochujwa. Majani ya chini yanayokauka na kukumbatia ubao usiyang'oe, ndiyo yanayotunza maji.

La mwisho, vidoa vya kahawia chini ya majani. Vikiwa vimejipanga kwa mpangilio, ni vifuko vya spora, chembe ndogo ambazo kangaga huzaliana kwazo badala ya mbegu, kwa kuwa makangaga hayatoi maua. Wadudu magamba, wanaofanana na vidoa hivyo, hukaa ovyo ovyo, hupenda vikonyo, na ukikwangua kwa ukucha wanabanduka. Angalia kwanza kabla hujanunua dawa.