Kwa viongozi wapya wa skauti, kabla hamjamvisha mtoto skafu

Juzi nilialikwa kwenye sherehe ya kuvisha skafu. Kiongozi mmoja kijana, shanga zake mbili za kuhitimu mafunzo ya uongozi bado zinanukia duka, akamrudisha mtoto kwenye mstari kwa kuwa ahadi aliyoitamka "siyo ile ya asili". Kwa heshima ya wazazi nilinyamaza. Leo hakuna wazazi, basi nisikilizeni.

1. Asili ipi? Ahadi ya 1908 ilitaja wajibu kwa Mungu na kwa Mfalme. Februari 1952 Elizabeth, binti wa mfalme, alikuwa Treetops, hoteli ya juu ya mti nchini Kenya, upande huohuo wa Nyeri alikozikwa Baden-Powell (B-P), mwanzilishi wa skauti, baba yake akafariki kule Sandringham, Uingereza. Tangu hapo skauti wa Kenya na wa Uingereza wakawa wanaahidi kwa Malkia. Uhuru ukaja, Malkia akatoka, nchi ikaingia. Kanuni za skauti nazo zilianza tisa. Ile ya kumi, ya usafi wa mawazo, maneno na matendo, ilifuata baadaye, na Waingereza wenyewe miaka ya 1960 wakazipunguza hadi saba. Kila chama cha nchi kina ruhusa ya kuiandika ahadi kwa maneno yanayoifaa jamii yake, mradi ikubaliwe na chama cha dunia na wajibu ubaki palepale: kwa Mungu, kwa wengine, kwa nafsi yako. Ukisema "hivi ndivyo B-P alivyotuachia", nitakuuliza B-P wa mwaka gani.

2. Pitia kitabu cha chama kila mwaka, kabla ya sherehe. Somo hili nimelilipia mwenyewe. Nilipokuwa kiongozi mpya nilirithi karatasi ya ahadi iliyopigwa taipu, imekunjwa mpaka mikunjo inatoboka, kutoka kwa mzee aliyeliongoza kundi kabla yangu. Niliiheshimu kama hirizi. Siku ya sherehe akaja mbele junia mmoja, skauti wa rika dogo, mwembamba, kaptura imepigwa pasi ikasimama yenyewe, mama yake kakaa safu ya kwanza. Akainua vidole vitatu, akaanza vizuri, kisha akataja "wajibu" pale karatasi yangu iliposema "kutii". Nikamkatisha. Akaanza upya, akarudia lilelile. Nikamkatisha tena, na safari hii nikageukia wageni nikasema kwa sauti ya bwana mkubwa kwamba skauti asiyejua ahadi hawezi kuvishwa. Watu wakacheka. Mtoto hakulia. Alishusha mkono, akanipigia saluti, maana ndivyo tulivyomfundisha, akarudi mstarini bila skafu. Mama yake akaikunja khanga aliyokuja kumtunzia, akairudisha kwenye mkoba.

Jioni kiongozi wa wilaya akanivuta pembeni, akanifungulia kitabu. "Wajibu", limeandikwa wazi. Mtoto alikisoma kitabu kipya maktaba ya shule. Mimi nilikuwa nashikilia maneno yaliyokwishabadilishwa, na tena mzee wetu aliongeza ya kwake mawili matatu ambayo hayakuwahi kuwa kwenye kitabu chochote. Nilikwenda nyumbani kwao kuomba radhi. Mama alinikaribisha, akanipa chai, akaniambia mwanawe ameamua kucheza mpira. Bado namwona mjini, mtu mzima sasa, ananiamkia vizuri tu. Mimi ndiye ninayetafuta njia nyingine ya kupita.

3. Mkono wa kushoto. Skauti husalimiana kwa huo. Husimuliwa kwamba B-P aliutoa kwa Waashanti wa Ghana: shujaa huweka ngao chini ili akupe mkono ulioishika. Hadithi nzuri, lakini bibi wa Pangani hajaisikia. Anachokiona ni mwalimu mzima kumpa mjukuu wake mkono wa kushoto hadharani. Waelezeni wazee kabla shughuli haijaanza, dakika mbili zinatosha. Kuna mzee mmoja, alipoelezwa, alitaka naye asalimiwe hivyo, akawageuza makamishna wote wakampangia foleni.

4. Kumwagia mtoto maji usiku, kumpigisha magoti, kumpeleka makaburini "akomae": hiyo siyo mila ya skauti, ni mabaki ya shule za bweni. Acheni.

5. Shanga zenu. Zile za mafunzo ya kwanza ya viongozi pale Gilwell, Uingereza, 1919, zilitoka kwenye mkufu uliohusishwa na Dinuzulu, mfalme wa Wazulu. Zako zimechongwa juzijuzi. Msiwadanganye makabu, wale skauti wadogo kabisa.

6. Mavazi ndiyo yanayowagombanisha bure. Kofia pana ya zamani imetoka vichwani mwa wengi na hakuna aliyekufa. Mwaka jana viongozi wawili walibishana mbele ya watoto kama skafu ya binti mwenye hijabu ikae juu ya hijabu au chini yake. Binti mwenyewe, sinia, yaani skauti wa rika kubwa, akawaacha wabishane, akaivaa juu, akaibana kifundo, akaenda kupandisha bendera kwa sababu muda ulikuwa umefika. Siku hizi mabinti wa kundi lile wote wanavaa hivyo, na makabu wanaamini ndivyo ilivyokuwa tangu Brownsea, kambi ya kwanza ya B-P.

Mwezi ujao mna sherehe nyingine. Yule mtoto aliyerudishwa mstarini juzi, mtangulizeni awe wa kwanza, na kabla ya hapo kiongozi wake aende kwao akiwa na kitabu mkononi. Nauli nitatoa mimi.