Jibu: Kupanga apatimenti mtaa wa wasanii katikati ya mji, inalipa?

Mkuu umeuliza kama uachane na hiyo nyumba ya pembezoni uje upange katikati ya mji, ule mtaa wenye kumbi za muziki na majumba ya sanaa ambako kila kitu unafika kwa miguu, na una apatimenti mbili mkononi, moja ghorofa ya pili inaangalia barabara, nyingine ghorofa ya nne haina lifti inaangalia uani. Mitaa ya namna hiyo nimekaa miaka mingi tu, nahama jengo hili naenda lile humohumo, so ntakujibu kwa niliyoyaona.

Kwanza kabisa, kagua masaa kabla hujakagua vyumba. Dalali atakupeleka saa nne asubuhi katikati ya wiki, mtaa umetulia, mwanga unaingia, ukutani kuna michoro mikali, unaona hapa ndo penyewe. Rudi mwenyewe Ijumaa saa sita usiku usimame chini ya lile dirisha, halafu rudi tena alfajiri. Watu wanaogopa muziki lakini muziki una ratiba, unajua utaisha saa ngapi. Shida ni shoo ikishaisha: mafundi wanapakia spika kwenye gari, watu wamejazana nje wanapiga stori kwa kelele maana masikio bado yameziba, ukija kupitiwa na usingizi linafika gari la taka linamwaga chupa za baa. Hizo chupa mkuu, we acha tu.

Alafu kuna besi, ile sauti nzito ya chini ya muziki. Dirisha la vioo viwili linapunguza sana sauti za watu ila besi haliiwezi kihivyo, mawimbi yake ni marefu mno, besi ya hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, wimbi moja ni karibu mita 7, ukuta mwepesi linapita tu na vizibo vya masikio havikuokoi maana unaisikia kifuani na kwenye godoro. WHO, shirika la afya duniani, kwenye miongozo yao ya Ulaya ya 2009 walipendekeza kelele za nje usiku zisizidi wastani wa desibeli 40, na maongezi ya kawaida tu yanacheza kwenye 60, sasa piga hesabu ya foleni ya watu mlangoni kwa ukumbi. Kama chumba cha kulala kiko upande wa barabara mi nisingechukua hata wapunguze kodi.

La kutembea kwa miguu, usiiamini ramani. Dakika 10 ni kama mita 800, lakini kama katikati kuna barabara kubwa na taa za kuvukia zinachelewa, au ni mlima na umebeba mizigo, hizo dakika unazisahau. Na jiulize unatembea kwenda wapi. Kuna mitaa majumba ya sanaa yako kila kona ila famasi hakuna, duka la mahitaji ya nyumbani hakuna, na hayo majumba mengi yanafunga jioni so barabara yake usiku inabaki giza na haina mtu, pita hapo usiku ujionee.

Ila utamu upo, nisikudanganye. Maonyesho mengi usiku wa ufunguzi ni bure, unashuka tu na ndala. Na raha kubwa kwangu ni kwamba unaweza kuondoka, shoo ikiwa mbovu unatoka katikati unarudi kulala, mtu aliyesafiri saa nzima na kutafuta paking atavumilia mpaka mwisho hata kama anateseka. Gari ukiliuza weka mafuta, bima, paking na matengenezo pembeni ya ile tofauti ya kodi ndo utajua kama inalipa, kwangu ililipa.

Kodi ndo itakayokutoa huko siku moja. Angalia SoHo ya New York, miaka ya 60 wasanii waliingia kwenye viwanda vilivyobaki vitupu wakawa wanaishi kinyume na sheria, 1971 wakaruhusiwa rasmi kuishi humo, baadae wenye hela wakaufuata mtaa na leo msanii anayeanza hawezi kuugusa. Kwa hiyo kabla ya kuuliza rangi ya ukuta uliza mkataba ni wa muda gani, ukihuisha kodi inaweza kupanda kwa kiasi gani, na ukitaka kutoka mapema inakuwaje. Iandikwe, maneno ya mdomo ya mwenye nyumba hayana kazi. Na kama kuna kiwanja kitupu jirani uliza kitajengwa nini, ujenzi mchana kutwa ni mbaya kuliko shoo.

Katika hizo mbili zako chukua ya ghorofa ya nne, ngazi utazizoea na ukihamia tafuta watu wa kukubebea friji. Ila chungulia uani kwanza, kama mgahawa wa chini umetolea feni za moshi wa jikoni upande huo zinaunguruma mpaka wafunge, na kuna nyingine hazizimwi kabisa. Ukizikuta uliza kama kuna chumba kingine ghorofa hiyohiyo mbali nazo, na dalali akikwambia utazoea mwambie alale yeye humo usiku mmoja kwanza.