Ukimya wa mnyama si utulivu: kwa wadogo zangu mnaoanza kazi kwenye bustani ya wanyama

Wadogo zangu, wiki ya kwanza mikono itawawasha. Mtataka kumbeba mtoto wa tumbili, kumpapasa chatu, kupiga picha mmeegemea gamba la kobe. Nawaelewa, maana nami nilianza hivyo hivyo miaka 11 iliyopita. Lakini nawaomba kwa siku 14 za mwanzo macho yafanye kazi kuliko mikono. Chukua daftari, kaa mbele ya banda moja nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, andika unachokiona: kalala upande gani, kala nini kaacha nini, kinyesi kikoje, mguu gani anaukanyagia kwa woga.

Mnyama wa porini huficha maradhi. Kule asili yake ilikotoka, anayeonyesha unyonge ndiye anayeliwa kwanza. Kwa hiyo atatembea na kutafuna mbele yako huku anaumia, mpaka siku anayoanguka, na hapo hata daktari akija mbio anakuta hakuna cha kuokoa. Dalili ya mapema huwa ndogo sana. Huiona yule tu anayejua jana ilikuwaje.

Kobe wetu jike, yule mkubwa, ni wa jamii ya kobe wa Shelisheli, kama wale wa kisiwa cha Changuu kule Unguja, ambao wa kwanza waliletwa mwaka 1919. Kuna mwaka, mwezi wa Juni, alibaki kivulini asubuhi nzima. Sote tukasema ni baridi ya kipupwe. Ilikuwa hoja ya maana, maana kobe hupata joto la mwili kutoka juani, na miezi hiyo hula kidogo. Lakini nilipofungua daftari la mwaka uliotangulia nikaona kwamba hata kwenye kipupwe, chakula alikipunguza ila jua la saa tatu hakuliacha hata siku moja. Nikaenda kumchungulia kwa karibu. Miguu ya nyuma alikuwa akiinyoosha na kuikunja, ananyoosha na kukunja, na mchanga nyuma yake umechimbwa vishimo vitatu vifupi visivyokamilika. Daktari alikuta mayai yamekwama. Akamchoma sindano, na baada ya siku mbili akataga. Bila lile daftari tungeendelea kulaumu hali ya hewa.

Sasa niwaambie la kakakuona, kwa sababu litawakuta.

Mnajua anavyochukuliwa kwetu. Akionekana, watu hukusanyika, wanamwekea maji, nafaka na silaha, kisha wanangoja aende wapi: akielekea majini, mvua, akielekea kwenye mkuki, shari. Mwaka wangu wa pili hapa, usiku wa masika, vijana wanne waligonga geti wakiwa naye kwenye kiroba. Walikuwa na nia njema, walimwokoa barabarani. Nami nikafanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilimtoa pale pale getini, kwenye mwanga wa tochi, watu wakajaa, kila mmoja akataka kugusa magamba. Alijikunja akawa kama mpira, kimya kabisa. Nikasema, "Mwone, mpole, ametulia." Hakuwa ametulia. Kujikunja ndiyo ngao yake pekee, hana meno wala mbio za kumwokoa. Tukamweka bandani, tukamletea kumbikumbi waliokufa kwenye sahani, hakugusa. Chakula chake ni mchwa na sisimizi anaowafukua mwenyewe, na hata wataalamu wenye vifaa vyote hupata shida sana kumlisha akiwa kifungoni. Siku ya tatu alikufa.

Kwa hiyo akiletwa mwingine, msimtoe. Mwacheni gizani kwenye boksi lenye matundu au pipa lenye udongo mkavu, zimeni taa, ondoeni watu, mpigieni msimamizi wa zamu naye awapigie TAWA, mamlaka ya serikali ya wanyamapori Tanzania, usiku huo huo. Mnyamapori nchini kwetu ni mali ya umma, hatuna ruhusa ya kumfanya wetu kwa kuwa tu ameletwa mlangoni. Akiwa mzima, dawa yake ni kurudi porini haraka. Waliomleta washukuruni kwa dhati, waelezeni kwamba aina zote 8 za kakakuona duniani ziko hatarini, na kwamba tangu mkutano wa Johannesburg wa mwaka 2016 wa CITES, mkataba wa nchi nyingi kuhusu biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kabisa. Msiwacheke kwa habari ya utabiri. Heshima ile ya wazee imemlinda kakakuona katika vijiji vingi, na mtu anayemheshimu mnyama ni rahisi kumgeuza awe mlinzi wake.

Sikukuu ndiyo mtihani mwingine. Idi mosi, Idi pili, Krismasi, Sabasaba: watoto wanakuja na nguo mpya, njugu mkononi, wamefurahi kweli kweli, na mimi hufurahi nao. Pesa ya siku hizo ndiyo inayonunua mchicha na dawa za miezi mingi. Lakini digidigi hajui sikukuu. Akishtuka hukimbia bila kutazama, anajigonga kwenye uzio, na hata asipovunjika, hofu yenyewe na mbio zile zaweza kumuua saa kadhaa baadaye, wakati nyinyi mmeshaona ametulia. Ndiyo maana siku moja kabla tunafunga makuti upande mzima wa uzio wake unaotazama njia, na spika haikai karibu na pale hata mwenye sherehe akibembeleza vipi. Nungunungu naye analala mchana. Anayegonga banda ili aamke, mwombeni kwa adabu aache, kisha mweleze kwamba harushi miiba kama mishale, hiyo ni hadithi tu. Kwa tumbili simama mwenyewe. Njugu moja haiui, lakini watoto mia tatu wakitoa moja moja ni gunia. Na ukiwa na mafua, badilishana zamu, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua yanawapata wao pia.

Masika yana mambo machache ila hayasubiri. Minyoo huongezeka, mifereji izibuliwe kabla mvua haijaanza, na usiku mpite na tochi kutazama siafu. Wakiingia kwenye banda la ndege hawaachi kitu. Majivu yako kwenye debe nyuma ya jiko, zungusheni kila jioni, na mvua ikiyafagia zungusheni tena.

Wageni watawauliza kwa nini tunafungia wanyama. Msijibu kwa hasira, ni swali la haki. Mimi huwaeleza habari za vyura wa Kihansi. Walikuwa wakiishi mahali pamoja tu duniani, kwenye rasharasha za maporomoko ya mto Kihansi, milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye umeme, rasharasha zikakatika. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, Marekani. Mwanzoni walikufa wengi. Watunzaji wakakaa nao, wakajifunza taa ipi, wadudu gani, unyevu kiasi gani, wakiandika kila kifo na kila mtoto aliyezaliwa, maana chura huyu hatagi, anazaa. Mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 vyura 100 wakarudi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2012 wengine wakaachiwa tena Kihansi, ambako sasa rasharasha zinatengenezwa kwa mabomba. Chura asiyefika sentimita 3. Nikimsimulia mgeni habari hiyo, mara nyingi hunyamaza kidogo, kisha anauliza la pili lililo zuri zaidi: na hawa wa kwenu mnawatunzia nini? Hapo mjibuni ukweli wa kila banda, ukiwemo ule kwamba wengine hawawezi tena kurudi porini.

Zamu ya asubuhi inaanza saa 12 na nusu. Madaftari yako stoo, rafu ya juu ya ndoo za chakula, na kalamu zimefungwa kamba kwa sababu tumbili mmoja anaiba. Anayeanza kesho aanze na kobe jike. Tuko Juni.