Kulala Ashramu ya Rishikesh kwa Ajili ya Cheti cha Yoga

SWALI: Assalaamu alaikum Shekhe. Mimi ni kijana wa Unguja, nafanya kazi hoteli ya kitalii pwani ya mashariki. Meneja anataka kunipeleka Rishikesh, India, mwezi wa Januari, nisome kozi ya ualimu wa yoga ya saa 200. Ni siku 28, na malazi ni ndani ya ashramu, yaani makazi ya kiroho ya Wahindu. Nikirudi na cheti nitafundisha wageni na mshahara utakaribia kuwa mara mbili. Mama yangu ana kisukari, na wadogo zangu wawili wanasoma kwa mshahara wangu. Ami yangu anasema anayelala nyumba ya masanamu ameshatoka katika Uislamu. Rafiki yangu naye kanitumia sauti ya ustadhi mmoja anayesema nisiogope hata kuimba nao, kwani sijui maana ya maneno yao na amali huhesabiwa kwa nia. Wiki mbili sasa sipati usingizi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaikumu ssalaam warahmatullahi wabarakaatuh, mwanangu.

Swali lako nimelitanguliza mbele ya mengine kwa sababu ya hiyo sauti uliyotumiwa. Ami yako kakutia hofu, na hofu ina dawa. Huyo wa pili kakuonyesha shimo akakwambia ni njia.

La ami yako ni fupi. Kulala mahali si ibada. Abubakar Siddiq, Allah amridhie, alipotoka Makka akielekea Uhabeshi alirudishwa na Ibn Daghina, mtu wa shirki, akakaa chini ya ulinzi wake. Bukhari kaipokea habari hiyo kwa Bibi Aisha. Na Mtume ﷺ mwenyewe aliporudi Taif aliingia Makka kwa ulinzi wa Mut'im bin Adiy, naye hakuwa Muislamu. Basi asiyesujudu, asiyeomba wala kutukuza kisichokuwa Allah, hatoki katika dini kwa sababu ya godoro na paa. Lakini usiikatishe habari ya Abubakar hapo. Makureshi walipomtaka aifiche ibada yake, alimrudishia Ibn Daghina ulinzi wake, akasema ameridhika na ulinzi wa Allah. Alikubali hifadhi yao, na siku hifadhi ilipoigusa dini yake aliirudisha. Hukumu ya safari yako imo humo.

Sasa hiyo sauti. Hoja ya kwanza ni kwamba hujui maana ya maneno. Waarabu kabla ya Uislamu walikuwa na makombo yao, yaani maneno ya kumsomea mgonjwa apone, na Auf bin Malik alipouliza habari zake Mtume ﷺ alijibu: nionyesheni makombo yenu, hapana ubaya kwa kombo lisilo na shirki. Kaipokea Muslim. Yaani yaletwe kwanza yaangaliwe. Ndiyo sababu wanazuoni wakakataza maneno yasiyojulikana maana: kutojua ndiko kunakoleta katazo, na huyu bwana kaligeuza hilo kuwa ruhusa. Na kama udhuru wako ni kutojua, mimi nakujulisha sasa ili udhuru uishe. "Om Namah Shivaya" ni kumwinamia Shiva, mmoja wa miungu ya Wahindu. Gayatri, inayosomwa alfajiri karibu kila ashramu, ni kumwomba Savitr, uungu wa jua, aziongoze akili zao. Katika ibada ya moto, kila samli na manukato yanapotupwa ndani ya chungu cha pembe nne husemwa "svaha", tamko la kukabidhi sadaka. Utayasikia yote haya katika siku yako ya kwanza, maana kozi nyingi za Rishikesh hufunguliwa kwa moto huo, na mwanafunzi hupakwa tilaka ya rangi katikati ya paji na kufungwa uzi mwekundu mkononi. Uzi ule hufungwa pamoja na dua ya kinga. Kwetu hiyo ni hirizi, na Mtume ﷺ kasema mwenye kutundika hirizi amefanya shirki. Kaipokea Ahmad.

Hoja ya pili ni nia. Hadithi ya nia ni nguzo, lakini nia hugeuza jambo la halali kuwa ibada. Haigeuzi ibada ya asiyekuwa Allah kuwa mazoezi. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Alikusudia kumchinjia Allah, nia safi kabisa. Mtume ﷺ hakuiuliza nia yake. Aliuliza: je, palikuwa na sanamu la kijahilia likiabudiwa pale? Palikuwa na sikukuu yao mojawapo? Alipoambiwa hapana, ndipo akamwambia atimize nadhiri. Kaipokea Abu Daud. Ingekuwa nia inatosha, maswali yale mawili yalikuwa ya nini?

Tena ustadhi huyo kasema katika sauti hiyo eti wewe ni kama Ammar bin Yasir, aliyetamka neno la ukafiri na moyo wake umetulia juu ya imani. Ammar aliteswa. Wewe umepewa tiketi ya ndege. Kumlinganisha mtu anayetafuta nyongeza ya mshahara na mtu aliyekuwa chini ya adhabu ni kumvunjia adabu sahaba, na ustadhi aliyesoma mlango wa kulazimishwa katika fiqhi ya Shafii angeona haya kulisema hilo hadharani.

Na yoga yenyewe? Hapa watu wengi hupenda jibu la neno moja. Baraza la fatwa la Malaysia liliitoa fatwa yake Novemba 2008, na wanazuoni wa Indonesia Januari 2009. Katazo lao lilielekea yoga iliyochanganywa na mantra, yaani maneno ya ibada yanayokaririwa, na ibada, na Indonesia wakasema wazi kwamba mazoezi matupu ya viungo hayamo. Nami naona hivyo hivyo. Kunyoosha mgongo hakuna dini, wala kupumua kwa mpangilio. Kuosha pua kwa maji ya chumvi, wanakokuita jala neti, si mbali na kuvuta maji puani wakati wa udhu: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita ya maji ya vuguvugu, na maji hayo yawe yamechemshwa, yasiwe ya bombani wala ya mtoni. Ila usiifanye ukiwa na saumu ya Jumatatu au Alhamisi, kwani maji yakipita ndani saumu inaharibika.

Palipo na mtego ni lile zoezi la Surya Namaskar, maana yake kuliinamia jua. Lina hatua 12, na kila mzunguko una jina lake la jua: Om Mitraya Namah, Om Ravaye Namah, Om Suryaya Namah, hadi majina 12. Katikati yake kuna hatua ambayo viungo vinane hugusa chini: nyayo mbili, magoti mawili, viganja viwili, kifua na kidevu. Na sunna yake kwao ni kulikabili jua linapochomoza. Allah anasema katika Surat Fussilat, aya ya 37: msilisujudie jua wala mwezi, bali msujudieni Allah aliyeviumba. Na Mtume ﷺ alitukataza hata swala ya Allah wakati ule jua linapotoka, akaeleza sababu: ndipo makafiri wanapolisujudia. Ikiwa swala yetu wenyewe imezuiwa saa ile kwa ajili ya kufanana tu, itakuwaje kitendo kinachofanana chenyewe, saa ile ile, kuelekea jua lile lile? Mizunguko ile ukiifanya mchana, bila majina, umelipa jua mgongo, kama mkufunzi wa viungo anavyofanya, siwezi kusema ni haramu. Lakini usikubali kuifanya alfajiri juu ya paa pamoja nao.

Sasa malazi. Neno ashramu linabeba vitu vitatu tofauti, na watu huvichanganya. Kuna ashramu ya kweli ya kiongozi wa kiroho, kama ile ya Sivananda iliyo chini ya Divine Life Society, jumuiya iliyoanzishwa 1936. Huko mgeni huomba nafasi mapema, halipi kama hotelini, na hutarajiwa kufuata ratiba ya maombi. Huko usiende, kwa sababu anayekulaza bure akikutaka ukae nao kwenye maombi utamwonea haya. Kuna ashramu kubwa zenye vyumba vingi vya mahujaji wao kando ya mto Ganga, mfano Parmarth Niketan, na jioni kila mtu huteremka kwenye ngazi za mto kwa ibada ya taa. Na kuna shule za biashara zilizojipachika jina la ashramu, ambazo nyingi ndizo zinazouza kozi za saa 200. Hizi ndizo nyepesi, kwa sababu wewe ni mteja, na mteja anaweza kuweka sharti.

Basi kabla hujasaini, iandikie shule. Uliza kama mwanafunzi anaweza kutohudhuria ibada ya moto ya ufunguzi na ya kufunga, na bado akapata cheti. Uliza kama kuimba mantra na kirtani, nyimbo zao za kutukuza miungu, kunahesabiwa katika mtihani. Uliza kama kuna kupewa jina jipya au mantra ya siri na mwalimu, wanayoiita diksha. Hiyo ni bei'a ya ufuasi, usiikubali kwa sura yoyote. Omba chumba kisicho na madhabahu. Wakijibu kwa maandishi kwamba wanakuruhusu, nenda. Wakijibu kwa maneno matamu yasiyo na ndiyo wala hapana, chukulia ni hapana, maana ukishafika na pesa ya hoteli imeshalipwa hutakuwa na nguvu ya kukataa.

Somo la falsafa, wanaposoma maandiko ya Patanjali na Bhagavad Gita, kaa usikilize kama mtu anayejifunza watu wanaamini nini. Kujua si kuamini. Ukumbi wa ibada usiingie wakati wao wa ibada. Umar aliwaambia Wakristo kwamba haingii makanisani mwao kwa sababu ya masanamu, na Ibn Abbas aliswali kanisani isipokuwa lililokuwa na masanamu. Mwalimu ukimkuta, salimia kwa kuweka mkono kifuani. Usimwinamie wala usimguse miguu: Mtume ﷺ aliulizwa mtu akikutana na nduguye amwinamie, akasema hapana.

Swala zako, hapa wengi huteleza. Njiani fupisha na ujumuishe. Ukishafika ukiwa na nia ya kukaa siku 28, safari imekwisha kwa madhehebu yetu: swali kamili, kila swala kwa wakati wake. Kibla cha kwetu Unguja ni kaskazini; kule ni magharibi, kikielemea kidogo tu kusini. Usiswali kwa mazoea. Januari alfajiri huingia kule karibu na saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, na jua hutoka kama saa moja na robo. Darasa likianza saa kumi na mbili na kumalizika saa moja na nusu, alfajiri yako imepita. Kwa hiyo uwe umetawadha mapema, uswali mara tu wakati unapoingia. Jua huzama karibu saa kumi na mbili kasoro dakika ishirini, na ibada ya taa huwa wakati huo huo. Hilo lichukue kama rehema: wao wakienda mtoni, wewe una magharibi yako chumbani. Ijumaa, ikiwa husikii adhana, haikulazimu, swali adhuhuri. Tandika mswala wako mwenyewe, kwani sehemu nyingine za jadi sakafu hupakwa samadi ya ng'ombe kama utakaso, na kwa Shafii mkojo na samadi ya mnyama yeyote ni najisi. Picha ya mungu wao ikiwepo ukutani, omba iondolewe au ifunike kwa kanga.

Chakula hakitakusumbua sana: dali, wali, chapati, mboga, bila nyama wala mayai, na mara nyingi bila kitunguu. Jikoni baadhi yao hukitoa kwanza mbele ya sanamu kabla ya kupakua. Bibi Aisha aliulizwa habari ya zawadi za Wamajusi siku ya sikukuu yao, akasema kilichochinjwa kwa siku hiyo msile, lakini kuleni matunda yao. Kwa hiyo sahani ya mkahawa kula. Prasadi, chakula kilichotolewa kwa sanamu unachotiwa mkononi baada ya ibada, ladu au kipande cha nazi, hiyo usipokee, kwa sababu kuipokea pale ni kushiriki. Vile vile kinywaji cha vitu vitano vya ng'ombe: mkojo na samadi vimo ndani yake.

Mwanangu, lililo gumu si siku 28. Ni miaka itakayofuata hotelini. Utafundisha nani, kwa nguo gani, na utamrekebisha mgeni wa kike mgongo kwa mkono wako? Mwambie meneja sasa, kabla ya tiketi, kwamba utarekebisha kwa maneno na mfano wa mwili wako, hutawaimbisha wageni mantra, na darasa lako la asubuhi litaanza jua likishapanda. Mameneja wengi wanachotaka ni mgeni aondoke ameridhika, na hawatajali. Kama huyu atajali, muulize kama hoteli italipia kozi ya ukufunzi wa mazoezi ya viungo, uokozi baharini au uongozaji wa watalii. Nazo zina cheti na zina mshahara.

Ami yako usimjibu kwa sauti ya ustadhi yule. Mpelekee majibu ya shule mkononi, umsomee, umuulize yapi yanamtia wasiwasi. Kakasirika kwa sababu anakupenda. Na mama yako asiambiwe kwamba sukari yake ndiyo iliyokupeleka huko. Majibu yakifika, nitumie kabla hujasaini.

Wallahu a'alam.