Ndugu yako ana kesi ya mauaji na wewe ndo wakili wa ukoo: fanya hivi

Naandika hii kwa mawakili wenzangu vijana wa hapa Tanzania, hasa nyie ambao kwenye ukoo mzima mmesoma sheria peke yenu, na pia kwa familia zenye ndugu mahabusu kwa kesi ya mauaji ambazo zinamwangalia huyo msomi wao mmoja kama ndo tumaini lote. Mimi nimepita huko. Mtoto wa dada yangu alishtakiwa kwa mauaji na nikawa kwenye utetezi wake mpaka siku ya hukumu. Ameniruhusu niandike, na nimebadilisha vitu kadhaa ili asijulikane yeye wala familia ya marehemu.

Watu wengi picha ya kesi wameitoa kwenye muvi, wakili anasimama anapiga meza, shahidi anatoka jasho, anakiri kila kitu mbele ya watu. Sikatai, mahakamani kuna siku moyo unadunda hivyo hivyo. Lakini kesi ya mauaji kwa sehemu kubwa inaamuliwa na mambo madogo yanayotokea mapema sana, kabla faili halijanusa Mahakama Kuu, na hapo ndipo ndugu mwenye taaluma ana faida kubwa kuliko kusimama mbele ya jaji.

Anza na saa ya kukamatwa. Ukipigiwa simu usiku kwamba fulani kakamatwa, kabla hujauliza kafanya nini uliza kakamatwa saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, kapelekwa kituo gani, halafu mwambie aliyekupigia akuandikie hayo yote kwenye meseji usiku huo huo. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inawapa polisi saa nne tangu mtu awe chini ya ulinzi za kumhoji na kuchukua maelezo ya onyo, yaani yale anayoandikisha polisi baada ya kuonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, muda wa safari hauhesabiwi na wanaweza kuongezewa kwa utaratibu, ila maelezo yaliyoandikwa nje ya muda bila sababu ya maana yanaweza kukataliwa, au Mahakama ya Rufani ikaja kuyafuta kwenye kumbukumbu. Si kila mara, mahakama ina uwezo wa kuyapokea kwa masharti, lakini silaha ipo. Sasa utaitumiaje kama baada ya mwaka na kitu hakuna hata mmoja anayekumbuka ilikuwa jioni au usiku? Ile meseji ya dada yangu ndo ilitusaidia maelezo yalipoletwa kama kielelezo, tukaweka pingamizi, ikaendeshwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa kuamua kama maelezo yapokelewe, na tulikuwa na kitu mkononi.

Na ndugu akiwa kituoni mwambieni ana haki ya kunyamaza na ana haki ya kuwa na wakili au ndugu wakati anahojiwa. Mwambieni kwa maneno mepesi, maana ameogopa. Akipelekwa kwa mlinzi wa amani, yaani ofisa wa mahakama anayeandika maungamo ya mtuhumiwa, pia ajue pale halazimishwi kusema chochote, na kama amepigwa, pale ndo mahali pa kusema amepigwa na kuonyesha alama.

Sasa nije kwenye jambo ambalo ndo limenifanya niandike. Ndugu yako hawezi kukwambia ukweli wote. Sio kwamba ni mwongo, ni heshima. Mpwa wangu tangu anajua kuongea ananipa shikamoo, nimekaa mbele kwenye kikao cha mahari ya dada yake, leo nimfuate gerezani nimuulize usiku ule ulikuwa wapi, na nani, umekunywa kiasi gani, atanijibu nini? Nilipofika alianza "Shikamoo mjomba, mjomba mi sijui chochote, nilikuwa nimelala nyumbani". Nilikuwa nimeenda na wakili mwenzangu, mama mmoja mzoefu sana wa jinai, hana undugu na sisi hata wa mbali. Nikamwambia kijana, "Marahaba. Huyu mama ndo wakili wako kiongozi. Mambo utakayomwambia hayatafika kwa mama yako wala kwa babu, na mimi natoka nje." Nikatoka kweli.

Alimwambia. Alikuwepo. Alikuwa nje ya kilabu cha pombe, ugomvi ulizuka baina ya vijana kadhaa, alisukumana na watu, akaona mtu kaanguka ana damu, akakimbia. Kisu hakushika. Na alikuwa pale na mwanamke ambaye hakutaka mimi nimjue.

Kwa hiyo ushauri wangu, wakili, usiwe kiongozi wa utetezi wa ndugu yako. Tafuta mtu baki asimame mbele, wewe kaa wa pili, fanya utafiti, panga vielelezo, fuatilia faili, beba simu za ukoo. Kama familia haina hela kabisa, kwenye kesi ya mauaji mahakama inampangia mshtakiwa wakili kwa gharama za serikali, na huyo yuko upande wenu, msimchanganye na Wakili wa Serikali ambaye ndo anaendesha mashtaka kwa niaba ya Jamhuri. Nimeona familia zinamnunia wakili wa kupangiwa mpaka hapati hata majina ya mashahidi. Mpeni ushirikiano, wengi wao wanafanya kazi kwa moyo.

Baada ya hapo vita inahamia nyumbani. Dada yangu alikuwa ameshaamua: "Tuseme alikuwa kwangu amelala, mimi nitasimama kizimbani niape na Mungu atanisamehe." Namwelewa, ni mama. Lakini nilimkatalia pale pale, na wewe kataa hata kama watasema umejisahau kwa sababu ya shule. Kwanza ni uongo na ni chini ya kiapo, na wakili akijua mteja wake alikuwepo hawezi kumleta shahidi aseme hakuwepo. Pili, utetezi wa kutokuwepo eneo la tukio una utaratibu, unatakiwa utoe taarifa mapema, ukija nao ghafla mwishoni mahakama inaweza isiupe uzito wowote. Tatu, ukivunjika umevunjika na kila kitu, jaji hatakuamini hata pale unaposema kweli. Kukiri kwamba alikuwepo kulikuwa na hatari yake maana kifungu cha 23 cha Kanuni ya Adhabu kinaongelea nia ya pamoja, mkiungana kwa lengo ovu tendo la mmoja linaweza kuwa la wote. Tulikaa na kijana tukamweleza hatari hiyo wazi, akaamua yeye. Sio mjomba, sio babu, yeye, maana shingo ni yake.

Na naposema shingo simaanishi mafumbo. Kifungu cha 196 ndo kosa lenyewe na 197 ndo adhabu, kunyongwa mpaka kufa, na ukishatiwa hatiani kwa mauaji jaji hana pa kuchagulia, ukiacha mjamzito na aliyekuwa chini ya miaka 18 wakati wa tukio. Wakenya mahakama yao ya juu ilishaondoa ulazima huo mwaka 2017, na Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo hapa hapa Arusha ilisema Novemba 2019 kwamba ulazima huu wa kwetu unavunja haki ya kuishi. Ni kweli kwa miaka mingi sasa hajanyongwa mtu, lakini kaa na mama ambaye mwanae anaweza kusomewa maneno hayo uone kama hilo linamfariji. Mimi naamini kwa moyo wangu wote adhabu hii ya lazima iondoke.

Dhamana msihangaike, kwa mauaji haipo. Ikitokea shtaka likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia hapo mlango unafunguka, kama mnavyokumbuka kesi ya msanii Elizabeth Michael, Lulu, kuhusu kifo cha Steven Kanumba Aprili 2012, alianza na mauaji akakaa ndani, shtaka lilipobadilika akapata dhamana Januari 2013, na 2017 akahukumiwa miaka miwili. Kwa hiyo mtu yeyote anayewaambia leteni milioni kadhaa atoke kwa dhamana kwenye kesi ya mauaji ni tapeli, hata kama amevaa suti na anajua majina ya makarani wote.

Mahakama ya chini mtazunguka sana. Ndugu yenu atasomewa shtaka na ataambiwa asijibu kitu kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka, halafu inakuja ile ya upelelezi haujakamilika, kila baada ya wiki mbili hivi mnarudi, karandinga linakuja, dakika tano limeondoka. Watu wa ukoo wanachoka, mwanzo wanajaa gari zima, baadaye anabaki mama peke yake na kikapu. Msichoke. Siku ya mwenendo kabidhi, yaani kesi inapokabidhiwa Mahakama Kuu, ndo muhimu kuliko zote za pale chini, maelezo ya mashahidi wa Jamhuri na vielelezo vinasomwa na mshtakiwa anapata nakala, na shahidi ambaye maelezo yake hayakusomwa siku hiyo hawezi kuchomekwa tu baadaye bila taarifa. Kaa na kalamu uandike kila jina. Pia pale mshtakiwa anataja mashahidi wake, muwe mmeshawajua.

Na jamani msiende kwa familia ya marehemu na bahasha. Kwenda msibani kuhani kama mnajuana ni utu, lakini "kuyamaliza" kesi ya mauaji nyumbani hakuna, mlalamikaji ni Jamhuri, na ukionekana unaongea na shahidi umemwongezea ndugu yako tatizo na wewe umejitafutia lako. Wazee wetu hili linawawia gumu sana kwa sababu kwao kila jambo lina kikao. Nililazimika kurudi kijijini kuwaeleza ana kwa ana.

Mahakama Kuu kesi ilitegemea shahidi mmoja aliyedai kamwona mpwa wangu akichoma kisu. Usiku. Hapo kila wakili wa Tanzania anaijua kesi ya Waziri Amani ya mwaka 1980, ya Mahakama ya Rufani, kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na mahakama isiutegemee mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondolewa. Ila kuitaja kesi si kazi, kazi ni maswali ya dodoso, yale wakili anayomuuliza shahidi wa upande wa pili, na hapo nilishukuru sana kwamba si mimi niliyesimama. Mwenzangu aliuliza kwa sauti ya chini tu, hana haraka. Taa ilikuwa wapi? Ilikuwa mbele yako au mgongoni kwake? Watu wangapi walikuwa katikati? Ulitazama kwa muda gani? Polisi walipofika usiku ule ule uliwatajia nani? Shahidi akanyamaza. Jina la kijana wetu alilitaja baadaye, na kesi nyingine ya Mahakama ya Rufani, Marwa Wangiti, inasema kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ndo kunapa uzito ushahidi wa shahidi. Mimi mkono wangu ulikuwa unatetemeka hata kuandika nilishindwa, ningekuwa nimesimama ningemfokea yule shahidi, na angetoka pale akionekana mwathirika.

Hata hivyo Jamhuri walipofunga ushahidi jaji alimkuta na kesi ya kujibu. Familia ilianza kulia kama vile ndo hukumu. Sio hukumu, maana yake tu ni kwamba kuna la kujibu. Kijana akajitetea mwenyewe kwa kiapo, akasema alikuwepo, akasema alikimbia, akasema na kwa nini alikuwa pale, mama yake na mimi tukiwa tumekaa tunasikia. Hukumu ilipokuja jaji alisema utambuzi una mashaka na nia ya pamoja haijathibitishwa, akamwachia huru.

Mkifika hapo fanyeni mambo haya. Msipige vigelegele kwenye korido, kuna mama mwingine pale aliyezika mwanae na amesikia hukumu hiyo hiyo. Msimrudishe kijana mtaani siku hiyo, mpelekeni kwa ndugu wa mbali akae huko mpaka mioyo itulie, mpwa wangu bado yuko kwa mama yake mdogo. Ombeni nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mtunze zaidi ya moja. Na muda wa Jamhuri kutoa kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani ni siku 30, kwa hiyo wakili msimwage mapema, na simu yake aipokee.